Papai Lililoona Moto

Alhamisi ya kwanza ya Mfungo Sita, jua halijatoka vizuri, nilimpoteza mume wangu Mshamu, mpishi wa pilau za shughuli. Wanaomjua, kuanzia Bagamoyo mjini mpaka Makurunge, wanasema Mungu alimchukua mwezi mbaya, kwa sababu Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi na masufuria yake yote yalikuwa yameshawekewa miadi. Mimi nadhani mwezi mzuri haupo.

Sasa niko eda. Kwa nyie mnaotoka mbali, maana yake ni kwamba mjane nimekaa ndani, sijipambi, sitoki bila dharura, na wageni wakija wananipa pole halafu wananiuliza funguo za stoo ziko wapi. Muuguzi wenu mkuu naye alikuja kunipa pole. Alipomaliza dua akavuta mkeka karibu.

"Mama Hamisi, nimeletewa vijana wapya chumba cha vidonda. Wamesoma kweli, lakini wanakunja pua. Waandikie kitu."

Nikamwambia shule yangu mimi iliishia darasa la saba.

"Waandikie kama unavyoongea," akasema.

Basi naongea. Mkiona nimeruka huku na huku mnivumilie, maana watu wanaingia na kutoka humu ndani na kila mmoja anataka chai.

Mimi sikuwa muuguzi, msije mkanipa cheo ambacho sikupewa. Nilikuwa mhudumu. Katika kituo chetu cha afya, barabara ya kwenda Makurunge, niliingia chumba cha vidonda nikiwa msichana mwembamba, nikatoka nikiwa mama mtu mzima mwenye magoti yanayolia. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kuosha, kufunga na kuchemsha. Daktari akipita akasema "vizuri", ilikuwa inatosha.

Jambo la kwanza ni bandeji kavu. Msiibandue kwa nguvu. Naona siku hizi mnavuta haraka mnasema "nitamaliza upesi asisikie". Anasikia. Tena mnaondoka na ngozi changa ambayo mwili umeihangaikia wiki nzima. Mimina maji ya chumvi, kisha muulize mgonjwa habari za kwao, mvua imenyesha au haijanyesha, mbuzi amezaa au hajazaa. Bandeji itaachia yenyewe kabla hajafika kwenye mbuzi wa pili.

Jingine ni pua. Msiifunge kabla haijafanya kazi. Kidonda kinachopona kina harufu yake, kama chuma kilicholowa. Kilichoharibika kina harufu nyingine, na mkishaisikia mara moja hamtahitaji kufundishwa. Nusa kwanza, kisha uvae barakoa yako.

La kidole gumba nitalieleza vizuri, maana nitalirudia. Unapotaka kujua kama damu inafika kwenye ngozi, ibonyeze, ngoja kidogo, achia. Panapobonyezwa patapauka, halafu rangi itarudi. Ikirudi upesi, nenda kanywe chai yako. Ikichelewa, mwite tabibu. Kwa ngozi zetu hizi nyeusi hutaona kitu ukibonyeza popote tu. Bonyeza ukucha, au ile ngozi changa nyekundu inayoota juu ya kidonda. Hilo nilifundishwa na Bi Mwanahawa.

Bi Mwanahawa ndiye aliyenilea kazini. Alikuwa mwanamke wa Miono, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba. Chumba cha vidonda kilikuwa chake kabla ya kuwa cha serikali. Sheria yake ilikuwa moja: "Humu hakiingii kitu ambacho hakijapita motoni." Alichemsha mikasi, vibanio, mabakuli, bandeji tulizofua na kuanika nyuma ya jengo. Siku moja kalamu ya tabibu ilidondokea kwenye trei ya mikasi. Bi Mwanahawa hakuitoa. Aliichemsha pamoja na mikasi, ikatoka imepinda kama kidole kinachoita mtu. Tabibu akaitazama, akashukuru, akaitia mfukoni.

Huyo tabibu alikuwa Tabibu Mushi, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mpole, asiyependa kupandisha sauti. Wote wawili walikuwa wakubwa zangu na wote niliwaogopa, yeye kwa upole wake na Bi Mwanahawa kwa sauti yake.

Mshamu aliletwa kwenye baiskeli. Aliyempakia ni Pazi, mwenzake wa jikoni, aliyekuwa akihema kuliko mgonjwa. Kwenye arusi moja huko Makurunge, figa moja lilikuwa limeteleza na sufuria la mafuta ya kukaangia vitunguu likamwagikia mguu wa kushoto, kuanzia kwenye ugoko hadi juu ya unyayo. Angekuja siku ile ile pengine nisingekuwa na la kuandika leo. Lakini pilau lilikuwa halijakauka. Alikaa kwenye kigoda, akaelekeza mpaka limeiva, limepakuliwa, watu wamekula. Halafu akafanya wanachofanya wapishi wakiungua: akaupaka mguu unga wa ngano, akaufunga kipande cha kanga, akaenda nyumbani. Akakaa huko mpaka harufu ikamtoa mwenyewe.

Tuliloweka ile kanga kwa muda mrefu. Ngano na maji ya kidonda vilikuwa vimeshikana vikawa kitu kama andazi. Bi Mwanahawa akainama, akanusa, akainuka.

"Wewe mguu umeukaanga au umeuchoma?"

"Shikamoo mama," Mshamu akajibu. "Nimeukaanga. Ngano nilipaka ili usishike chini."

"Marahaba. Mpumbavu wewe."

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Mshamu aliniona. Baadaye alikuwa akiwaambia watu kwamba alinipenda kwa kikohozi.

Chini ya ngano mambo hayakuwa ya kuchekesha. Ngozi ilikuwa imekufa. Palikuwa na utandu mgumu, manjano ya kijivu, umeshika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, na pembezoni mwake usaha. Tabibu Mushi akaja, akachungulia, akabonyeza vidole vya miguu kimoja kimoja. Halafu akavuta kiti, akakaa ili wawe macho kwa macho. Alikuwa hawaambii watu habari mbaya akiwa amesimama.

"Kaka Mshamu, sikufichi. Hii nyama ya juu imekufa, na ikiendelea kukaa hapo wadudu wanajificha chini yake. Ya chini haiwezi kuota. Nakupa sindano, tunasafisha. Natoka kwenda kwenye chanjo vijijini. Nikirudi nikikuta utandu huu bado upo, nakupandisha gari la wagonjwa uende hospitali kubwa Dar. Huko watapima. Kama imefika kwenye mfupa watakata chini ya goti."

Mshamu akautazama ule mguu.

"Tabibu, mpishi wa mguu mmoja anageuzaje pilau?"

Kama hamjawahi kumwona mpishi wa shughuli, nitawaeleza. Sufuria ni la kuingia mbuzi wawili. Mwiko ni mrefu kama mtu. Mpishi anatanua miguu, anakaza nyayo ardhini, anageuza wali kutoka chini kwa mgongo na mapaja, moto ukimla usoni. Mwenye mguu mmoja akijaribu hivyo ataingia humo pamoja na mbuzi. Na Mshamu hakuwa na kazi nyingine. Hakuwa na shamba la maana, bahari alikuwa anaiogopa. Alikuwa na mwiko tu.

Tulijaribu mkasi. Kila nilipopata ncha ya kukata, nilipata na nyama hai, na yeye akawa anashika kitanda mpaka kinalia. Ndipo tabibu, akiwa anafunga begi lake la safari, akasema kwamba katika hospitali aliyosomea alikuwa ameona wakitumia papai. Papai la kijani, lisiloiva, lenye utomvu mwingi. Linapondwa, linawekwa juu ya ile iliyokufa tu, linafunikwa, linabadilishwa kila siku.

Mshamu akainuka kwa viwiko. "Papai? La kulainishia nyama?"

"Hilo hilo."

Tabibu akatuambia ndani yake mna vimeng'enya. Mimi neno hilo nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alilieleza hivi, na mimi nimewaeleza wagonjwa hivyo hivyo mpaka nastaafu. Ukiumia tu, ngozi inaita mafundi. Wanatangulia wabomoaji. Hao ndio vimeng'enya vya mwili wenyewe, vinaikata nyama iliyokufa vipande vidogo vidogo ili ibebwe iondoke. Wakishasafisha uwanja, wanakuja wajenzi. Katika mguu ule wabomoaji walikuwa wamezidiwa, kifusi kilikuwa kikubwa mno. Papai lingewaongezea nguvu, kwa sababu utomvu wake nao una wabomoaji wa namna ile ile.

"Kwenye nyama ya ng'ombe mzee," Mshamu akasema, "ukilikawiza nyama inakuwa uji."

"Na mwilini ni vivyo hivyo," tabibu akasema, akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. "Wabomoaji wanatakiwa waondoke kwa wakati. Wakikawia wanabomoa na kile kilichojengwa. Vile vidonda vinavyokaa mwaka mzima bila kufunga, mara nyingi shida ni hiyo."

"Na mtu akifa?"

"Wajenzi wanaacha. Wabomoaji wanaendelea kwa muda, hakuna wa kuwaambia wasimame."

"Basi mimi nikifa msihangaike na papai."

Bi Mwanahawa akamwambia anyamaze, chumbani kwake kifo hakitajwi kabla watu hawajanywa chai. Tabibu akapanda gari, akaenda kwenye chanjo.

Nikaangua papai nyuma ya kituo, kwenye mpapai wa mlinzi. Nikaliosha, nikalipeleka.

"Limechemshwa?" Bi Mwanahawa akauliza.

"Tabibu hakusema tulichemshe."

"Tabibu hakusema tusilichemshe."

Sasa hapo mngejibu nini? Yeye ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nikachemsha maji, nikalitumbukiza papai limekatwa vipande, likaiva likawa laini kama boga. Nikaliponda vizuri, nikaingia nalo likifuka mvuke, nikalipoza pale kitandani lisimuunguze mara ya pili, nikaliweka juu ya ule utandu, nikafunga. Mshamu alikuwa akinitazama tangu naingia na bakuli mpaka natoka. Hakusema neno.

Kesho yake vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Kila nikifungua naukuta utandu umekaa pale pale, kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Haukulegea hata pembeni. Harufu ikawa mbaya zaidi. Vidole bado nilikuwa nikivibonyeza na rangi ilikuwa inarudi, lakini jioni alianza kutetemeka kwa homa, na Bi Mwanahawa akaacha kumtania. Mtu wa maneno mengi kama yule akiacha kutania, mjue mambo yameharibika.

Asubuhi moja Pazi akaja kumwona. Alikuwa na shida ya kazi. Nikawa naingia na bakuli langu, nikasimama mlangoni nisiwakatize.

"Bwana Mshamu, kwa ile khitma wametuletea dume. Nadhani lilikuwa linalima tangu ujana wa babu yangu. Kisu kinaruka. Tufanyeje?"

"Papai la kijani. Liponde na maganda yake, pakaza, liache kiasi cha kunywa kahawa na kuzungumza. Kisha osha, tia jikoni."

"Gumu hilo kupondeka. Nikilichemsha kidogo kwanza?"

"We! Unataka kuniaibisha?" Mshamu akaja juu kwa sauti ambayo sikujua mgonjwa wa homa anaweza kuwa nayo. "Papai likishaona moto limekufa. Halina kazi tena. Hapo ni mboga, wape watoto wale."

Mvuke wa bakuli ulikuwa unanipanda kidevuni.

Pazi akageuka akaniona. Akatazama bakuli, akatazama mguu, akasema ng'ombe anamsubiri, akatoka.

"Kaka Mshamu," nikasema, "umesemaje?"

"Nilikuwa namwambia Pazi habari za ng'ombe."

"Na hili nililoshika mimi?"

Akalitazama lile bakuli kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ndugu asiyetaka kumkiri.

"Hilo ni la hospitali. Nikadhani la hospitali lina taratibu zake."

"Ulijua?"

"Dada Tatu, mvuke nauona tangu siku ya kwanza."

"Na ukanyamaza! Mguu ni wako!"

"Sasa nitamsahihishaje mtu aliyeushika mguu wenyewe? Tena mbele ya mama wa watu, chumbani kwake?"

Vijana, hapa ndipo naomba mtulie. Sisi watu wa huku tumelelewa vizuri mno. Mgeni hamsahihishi mwenyeji jikoni kwake. Akipewa mchuzi usio na chumvi anasema mashaallah. Mshamu alikuwa mgeni kwenye chumba chetu, akala mchuzi wetu. Mimi nami nilikuwa mgeni wa Bi Mwanahawa. Kwa adabu zetu wote watatu, mguu ulikuwa unaelekea Dar. Mgonjwa akikunyamazia usidhani ameridhika. Muulize: wewe kwenu hiki mnakifanyaje? Halafu nyamaza ujibiwe.

Nikaenda kwa Bi Mwanahawa. Alikuwa anakunja bandeji. Nikamweleza nikiwa nimesimama karibu na mlango, ikibidi kukimbia nikimbie.

"Nani kasema likiona moto linakufa?"

"Mpishi."

"Mpishi wa nini?"

"Wa pilau. Yule mgonjwa wetu."

Akaendelea kukunja. Akamaliza moja, akaanza nyingine, akaiacha.

"Pilau lake nimelila," akasema. "Kwenye arusi ya binti wa jirani yangu. Ile nyama nilikuwa naigusa inaachia yenyewe." Akasimama. "Chemsha kisu. Chemsha sahani. Chemsha kinu na mchi wake. Papai likae pale lituangalie."

Aliliosha yeye mwenyewe, kwa sabuni, akalisuuza kwa maji yaliyochemka yakapoa, akalikausha kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Tukaliponda mbichi hivyo hivyo na utomvu wake ukitoka mweupe. Pembezoni, palipokuwa na ngozi nzima, tulipaka mafuta mazito ili utomvu usiunguze, kisha tukaliweka.

Safari hii Mshamu alilihisi. Lilikuwa linawasha na kuchoma. Akakaza meno, akaanza kusoma kasida za Maulidi kwa sauti, na wagonjwa wa foleni nje wakaitikia wakidhani kuna shughuli.

Tabibu Mushi alirudi jioni hiyo hiyo akakuta utandu bado upo. Bi Mwanahawa akamweleza kila kitu, hakuficha na hakunisukumia mimi. Nilimheshimu zaidi siku hiyo. Tabibu alisikiliza, akavua miwani.

"Niliwaambia cha kufanya, sikuwaambia kwa nini kinafanya kazi," akasema. "Nami nimo."

Lakini gari alikuwa ameshaliita. Lingekuja Jumanne. Akaligusa paji la uso la Mshamu, akaongeza sindano, akasema, "Jumanne asubuhi nitatazama mguu, sitatazama uso wa mtu."

Siku ya pili ya papai lisiloona moto, utandu ulianza kulegea pembeni. Uliinuka kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Niliuloweka kwa maji ya chumvi, nikaupitishia kitambaa, ukaja. Kesho yake ukaja mwingine zaidi. Chini yake palikuwa pekundu, pana punje ndogo ndogo kama za komamanga, na moja ikatoa tone la damu. Bi Mwanahawa alipoliona lile tone alipiga kigelegele kifupi, akakikatiza katikati akakumbuka yuko kazini.

Jumatatu palibaki kipande juu ya unyayo, kiasi cha jani la mkwaju. Nikachukua papai.

"Acha," Mshamu akasema.

"Bado pale."

"Dada Tatu, leo nasema. Acha. Nyama ikishaanza kuachia, mpishi anatoa papai lake anaosha. Kile kilichobaki kitamalizika chenyewe. Ukiliweka tena litakula na hiyo nyekundu."

Nikaenda kumuuliza tabibu. Tabibu akaja, akatazama, akasema mpishi yuko sawa, tuoshe tuache, sasa ni zamu ya wajenzi. Tangu hapo ilikuwa maji ya chumvi na bandeji safi basi.

Jumanne gari likaja. Tabibu akaufungua mguu mwenyewe. Akabonyeza pale palipokuwa pekundu, akaachia, akangoja. Rangi ikarudi. Akatoka nje akamwambia dereva ampakie mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi ili asirudi mtupu.

Sasa msikimbilie kwenye mipapai. Utomvu wa papai unaunguza ngozi nzima, na wako watu unawavimbisha. Hatukuwahi kuligusa bila tabibu kusema. Tena sitawadanganya: sijui ni kiasi gani lilikuwa papai na kiasi gani zilikuwa sindano, na kiasi gani ulikuwa mwili wake mwenyewe, maana alikuwa kijana mwenye damu nzuri. Nilimuuliza tabibu mwenyewe, akasema hata yeye hajui. Siku hizi mna dawa za kulainisha za kwenye tyubu, mna bandeji za asali zilizofungwa vizuri, mna glavu za kutupa. Sisi glavu tulizifua, tukazipaka poda, tukazianika kwenye kamba zikawa zinapungia watu mkono. Nawaonea wivu kwa mengi. Kwa kalamu zilizochemshwa siwaonei.

Kidonda kilichukua muda kufunga. Kilipofunga, Mshamu aliendelea kuja.

"Kaka Mshamu, kidonda kimeshapona."

"Najua. Nimekuja kubadilisha bandeji."

"Huna bandeji."

"Basi nifunge moja, kesho nije ibadilishwe."

Bi Mwanahawa, bila kugeuka, akasema kwamba chumba chake si baraza, mwenye neno apeleke wazee kwa wazee. Wakapelekwa. Pilau la arusi yetu alilipika mwenyewe, bwana arusi mzima na kanzu yake, watu wakamkataza wakachoka.

Ile ngozi iliyoota haikurudi kuwa kama ya kwanza. Ilibaki nyembamba, yenye kung'aa, ya waridi, haina hata unywele. Jua likiipata inauma, kwa hiyo ilikuwa ikitaka mafuta ya nazi. Mimi kwa mazoea ya kazi nilikuwa nikiibonyeza. Ikawa ni desturi ya nyumba. Kabla ya kutoka kwenda kwenye shughuli anakaa kizingitini, ananyoosha mguu wa kushoto, nabonyeza kwa kidole gumba, naachia.

"Imerudi?"

"Imerudi."

"Haya, ngoja nikawapikie watu."

Mwanetu Hamisi alipokuwa mdogo alikuwa akikimbia kutoka uani ili aulize yeye kabla ya baba yake. Alipokua akaona haya, akawa anauliza akiwa anatazama pembeni. Bi Mwanahawa alikuja kuona desturi hii mara moja, mzee sana wakati huo, akasema tunafanya mzaha na kipimo cha hospitali. Alikufa kabla ya Mshamu, Mungu awarehemu wote.

Kilichomchukua Mshamu ni presha. Aliswali alfajiri, akasema anajilaza kidogo kwa sababu mchana Pazi angekuja wapange habari za mbuzi wa Maulidi. Nilipompelekea chai alikuwa ameshaondoka.

Nilimuuliza shehe kama naweza kumwosha mwenyewe. Akasema mke anaruhusiwa, hakuna tatizo. Kwa hiyo Mzee Kondo, ambaye ndiye mwosha wa mtaani kwetu, alikaa upande wa pili wa pazia akinielekeza kwa sauti, kama mtu anayemwelekeza dereva kurudi nyuma. Maji yalikuwa ya majani ya mkunazi. Hamisi alishika ndoo na kata.

"Kulia kwanza, Mama Hamisi. Usikandamize. Anaumia huyo kama anavyoumia aliye hai."

"Najua, Mzee Kondo. Nilikuwa kwenye kazi hii hii."

"Haya. Umefika wapi?"

"Mguuni. Wa kushoto."

Niliuosha kuanzia gotini. Nilipofika kwenye ile ngozi ya waridi nilikuta imepauka yote. Niliweka kidole gumba, nikabonyeza, nikaachia, nikangoja. Hamisi alikuwa amesimama karibu na bega langu, ameinua kata. Hakuuliza.

"Tumefika wapi?" Mzee Kondo akasema tena nyuma ya pazia.

Nikamwambia Hamisi amimine, akamimina.